Hapa Hakuna Singo

Jamani, mwanamume asiye na mke ajiite nani katika mji huu wa Tanga mpaka aeleweke?

Nilikwenda kutafuta chumba Ngamiani. Mama mwenye nyumba akaniuliza kama nina familia. Nikajitia ujana: "Mimi singo tu, mama."

"Singo tu? Liwa huna?"

Kumbe bibi wa watu kungwi mzoefu, kadhani nauza vipodozi vya harusi! Vijana tunasema singo kwa mtu asiye na mwenzake, neno la Kizungu hilo. Lakini Pwani singo yao ipo tangu enzi: asumini, mawaridi, karafuu na vinukato vingine, bi harusi anasingwa nayo mpaka ngozi inateleza. Yaani neno ninalolililia ukiwa, wenzangu wanampaka nalo aliyekwisha pata mume!

Chumba nilipewa. Usiku wa kwanza tu, hodi. "Kaka, nipimie ya mia tano." Wa pili kaja na kibakuli chake. Wa tatu anataka kujua kama asumini nimeitia ya kutosha.

Nikabadili neno. Nikatangaza uani kwamba mimi ni kapera. Mjukuu wa mama mwenye nyumba akadakia: "Bibi, kapera ndiyo pera dogo?"

"Ndiyo, mjukuu wangu. Lile lililosahauliwa mtini mpaka popo wakalionea huruma."

Sasa watoto wa barabara nzima wananiita Anko Pera. Nina miaka 34.

Nikakimbilia kwenye kamusi, nikatoka na mseja. Neno zuri, halina kokwa wala harufu. Asubuhi nikamwambia muuza mbaazi na mahamri, naye akafuta mikono kwa adabu: "Oo, Baba Padri! Parokia gani?" Simlaumu, useja anausikia kwenye nadhiri za mapadri. Ila mimi nilikuwa na kanzu na kofia, natoka msikitini!

Na msiniambie nioe kwanza, ndoa ikishindikana nitapata jina jingine. Mwanamke akiachwa ni mtalaka, ana neno lake. Mimi nikiachana na mke nitaitwa nani? Kapera. Narudi mtini kwa popo.

Juzi hodi zikanizidi. Nikachukua rangi nyekundu nikaandika mlangoni kwa herufi kubwa: HAPA HAKUNA SINGO. Wenye vibakuli wakakoma siku ile ile, nikalala usingizi wa mfalme.

Lakini kuna binti wa nyumba ya pili, kila asubuhi alikuwa akipita ananisalimia, sauti yenyewe unaisikia mpaka magotini. Jana kapita, kausoma mlango, kaguna: "Kumbe!" Salamu hakutoa. Leo kapitia upande wa pili wa barabara.

Hapa nilipo nimepiga magoti na brashi, tangu alfajiri nausugua mlango, rangi haitoki. Mama mwenye nyumba yuko barazani na tambuu yake, ananitazama.

"Hiyo, mwanangu, ungekuwa na singo ingetoka."