Nywele za Zuhura

Niapishwe popote: nywele za Zuhura sijawahi kuziona. Zuhura ni jirani yetu wa ghorofa ya juu hapa Majengo, huuza mahamri na mbaazi mlangoni kila asubuhi. Ni mtu wa ninja. Tangu ahamie, ninachokijua kwake ni macho na ule mkono wa kunihesabia chenji. Lakini nywele hizo ndizo zilizonilaza sebuleni siku tatu.

Mimi ni fundi wa viyoyozi. Mwezi wa pili, kaskazi imepamba moto, niliitwa afisi moja kule Nyali, nikakuta kwenye meza ya mapokezi mmea ulionisahaulisha bisibisi mkononi. Vijani vidogo vidogo, kila kimoja kimekatwa mfano wa kipepeo cha kupepea jiko. Na vikonyo vyake, subhanallah! Vyeusi, vyembamba kama uzi, vinang'aa kana kwamba vimepakwa mafuta ya nazi. Ni jamii moja na kangaga, lakini si hili kangaga letu la kwenye mikoko ya Tudor. Lile ni jibaba; huu ni bi arusi.

Kijana mmoja anayeuza miche kando ya barabara kule Bamburi akaniambia Wazungu huuita maidenhair, yaani nywele za mwanamwali, kwa ajili ya vile vikonyo. Siku ile hakuwa nao, ila angenitafutia. Nikamwachia nambari ya simu.

Ijumaa nikaenda msikitini, simu nikaiacha nyumbani inachaji. Ujumbe ukaingia:

"Sheikh, nywele za mwanamwali nimezipata. Nyeusi, laini. Mia nane tu. Naleta leo. Usizianike juani, zifiche msalani penye unyevu. Ukiziacha zikakauka, ni kufa."

Mimi huku narudi nikiwaza pilau. Jikoni baridi. Sebuleni nikamkuta mama mkwe, aliyekwisha kuvuka feri kutoka Likoni kabla hata imamu hajamaliza hotuba, ameketi mkekani, simu yangu iko mbele yake kama maiti inayosubiri kuoshwa.

"Mwanangu," akasema taratibu. Akiniita fundi huwa tuko salama; akiniita mwanangu, kuna jambo. "Hizi nywele ni za mtoto wa nani?"

Nikacheka. Nilikosea.

"Mama, ni mmea."

"Mmea una nywele?" akadakia mke wangu.

"Jina tu hilo, Mama Salma. Hata wataalamu wameuita hivyo." Usiku mbili nilikuwa nimeukesha mtandaoni nikisoma habari zake, na mtu akishasoma hukosa adabu. "Jina lake la kitaalamu ni Adiantum capillus-veneris. Yule bwana wa Uswidi, Linnaeus, ameliandika kitabuni mwaka 1753. Hiyo capillus ni Kilatini, maana yake nywele. Na veneris ni ya Venus, mungu wa kike wa mapenzi wa Warumi. Nyota yake sisi Waswahili si twaiita..."

Ulimi ulikwisha kutangulia.

"...Zuhura."

Nilisikia tone la bomba likidondoka jikoni.

"Nywele za Zuhura," mke wangu akarudia. "Za mapenzi. Ndiyo maana mahamri ya mtu mwingine hayakupiti kooni."

"Sikiliza! Huko Ulaya zamani watu waliuchemsha mmea huu na sukari, wakanywa kwa kikohozi."

"Kwa hiyo ni dawa," mama mkwe akasema, akimtazama binti yake kwa lile jicho la nilikwambia.

Hodi. Zuhura mwenyewe.

"Baba Salma, asubuhi umesahau ishirini zako."

Hakuna aliyenyoosha mkono. Aliiweka kizingitini ile sarafu, akapanda ngazi kimya, na huku nyuma kukasikika mlio wa pikipiki, kisha sauti ya kijana yule ikijaza uchochoro mzima: "Nywele za mwanamwaliii! Za Baba Salma!" Madirisha yakafunguka moja baada ya jingine.

Nilimpokea kama mshtakiwa anayemuona shahidi wake. Mmea wenyewe ukiwa ndani ya kopo la rangi, mbichi, unatikisika. Nikautua mkekani.

"Haya, mama, tazama. Majani haya! Na hilo neno Adiantum ni la Kigiriki, maana yake kisicholowa. Ngoja nikuonyeshe."

Nikachukua kikombe, nikaumiminia. Maji yakawa vishanga, yakaviringika juu ya majani, yakaanguka, na majani yakabaki makavu kama si yaliyomwagiwa. Niliinua uso natabasamu, ushindi uko mdomoni.

Mama mkwe alikuwa amesimama.

"Astaghfirullah," akasema. "Hata maji yaukimbia!"

Jioni ile ubani ulichomwa chumba hadi chumba, hata viatu vyangu vikafukizwa. Mmea niliuweka msalani kama nilivyoelekezwa, wakagoma wote wawili kuingia humo mpaka utoke, na mama mkwe hajavuka feri kurudi kwake. Nikautoa barazani, kwenye jua na upepo, nikawa naumwagilia maji ya kisima chetu, ambayo ukipikia wali huhitaji kutia chumvi. Kufika Jumanne vijani vyote vimepukutika. Kopo limebaki na kishungi cha vikonyo vyeusi, vyembamba, vinang'aa.

Mke wangu akasimama juu yake, mikono kiunoni.

"Na hizi je," akasema, "si nywele?"

Mahamri siku hizi nanunua mtaa wa pili. Magumu kama kifuu.