Mlezi wa zamu ya usiku haitwi semina

Kuna fomu moja huku Uingereza ambayo walezi wapya wa makao ya watoto huilalamikia sana, nami naipenda. Mlezi akilazimika kumshika mtoto kwa nguvu ili asijiumize au asimuumize mwenzake, tukio liandikwe ndani ya saa 24. Ndani ya saa 48 meneja awe amezungumza na mlezi na kutia saini. Kabla siku 5 hazijaisha, mtoto mwenyewe naye awe ameulizwa. Ndivyo zinavyotaka kanuni za makao ya watoto za 2015.

Mafunzo yenyewe yamo humo. Mlezi mpya ana miaka 2 ya kupata diploma ya ngazi ya 3 akiwa kazini, lakini kinachomjenga ni kusahihishwa maandishi. Akiandika "alikuwa mkorofi", anarudishiwa. Aandike: "Saa 2:10 usiku simu ya mama yake ilikatika. Alirusha sahani ukutani, akaenda kukaa chini ya ngazi, hakuitika nilipomwita." Hapo meneja anaona chanzo ni simu, na mama akipiga tena mlezi anakuwa karibu. Neno "mkorofi" halimfundishi mtu kitu.

Kwetu Tanzania? Semina ya siku 3 hotelini, posho, cheti, picha ya pamoja. Anayekwenda ni mkurugenzi au mhasibu. Mama mlezi anayelala na watoto amebaki kituoni, hana wa kumshikia zamu. Na Sheria ya Mtoto tunayo tangu 2009! Inachosha.

Najua mtaniambia: "Umeshakuwa Mzungu, sasa unatudharau. Bibi zetu walilea bila diploma." Bibi alilea wajukuu aliowapokea tangu siku ya kwanza. Mlezi wa kituo anapokea mtoto aliyeletwa na polisi usiku, hajui ametoka wapi, hajui kwa nini akiguswa bega anajikunyata. Hizo ni kazi mbili tofauti. Wala simdharau mama mlezi. Huku wapo wenye diploma ambao mtoto mweusi anashinda mikononi mwao na ngozi iliyopauka na nywele zilizofungamana, kwa kuwa hawakufundishwa kumpaka mafuta wala kumsuka. Mama zetu wangewafundisha asubuhi moja tu.

Na msiseme hela hakuna. Nunueni daftari kubwa, mchore safu 5: saa, kilichotangulia, alichofanya mtoto, alichofanya mlezi, alichosema mtoto baadaye. Kila wiki 2 msimamizi akae nalo na mlezi kwa saa moja, na posho ya semina imlipe mtu wa kushika zamu saa hiyo. Asiyejua kuandika asimulie, mwenzake amwandikie. Ila daftari lisigeuzwe mtego. Mlezi akikatwa mshahara kwa jambo aliloandika mwenyewe, kesho ataandika "usiku salama", na mtoto akipigwa hamtajua.