Spidi ile ile, memori nusu: hesabu ya dola 50 kwenye kadi ya grafiki

“Kaka, chipu ni ile ile, spidi ni ile ile. Hii ya GB 16 unalipia namba tu.”

Muuzaji aliyetuambia hivyo pale Kariakoo hakuwa akidanganya. Mezani alikuwa ameweka maboksi mawili ya kadi ya grafiki ya RTX 5060 Ti yanayofanana kuanzia rangi hadi picha ya feni, tofauti ikiwa namba ndogo pembeni: 8 na 16. Mpwa wangu alidunduliza mwaka mzima na zaidi apate kompyuta ya kuchezea gemu itakayomfikisha mwisho wa chuo. Alinitazama akisubiri niseme. Chipu kweli ni ile ile, lakini muuzaji alikuwa anazungumzia siku ya kununua, na mpwa wangu alikuwa anauliza kuhusu mwaka wa nne.

NVIDIA ilipoingiza kadi hiyo sokoni Aprili 2025, bei elekezi ya GB 8 ilikuwa dola 379 na ya GB 16 dola 429. Juni AMD ikaleta RX 9060 XT kwa mtindo uleule: dola 299 na dola 349. Kwa kampuni zote mbili, tofauti ni dola 50. Mzigo ukifika huku, baada ya usafiri, ushuru na faida ya duka, hizo 50 huwa zimeshanenepa. Tena tangu mwishoni mwa 2025 chipu za memori zimepanda bei kwa sababu vituo vya data vya akili mnemba vinazigombania. Kwa hiyo anayesema “chukua ya GB 8” ana hoja, na nataka niiweke kama anavyoiweka mwenyewe.

Kwanza, anasema, gemu zinazochezwa zaidi kwetu hazina njaa ya memori. Valorant, Counter-Strike 2, GTA V, gemu za mpira: zote zinateleza kwenye GB 8 katika monita ya kawaida ya 1080p. Pili, memori nyingi haiongezi nguvu ya chipu. Ushahidi wake ni GTX 1080 Ti ya mwaka 2017. Ilikuwa na GB 11, nyingi kuliko kadi kadhaa zinazouzwa leo, lakini haina sehemu maalumu ya kufuatilia miale ya mwanga (ray tracing), yaani kukokotoa jinsi mwanga unavyosafiri na kuakisi ndani ya gemu. Gemu kama Indiana Jones and the Great Circle ya Desemba 2024 inadai uwezo huo, kwa hiyo kadi hiyo haimo hata kwenye orodha ya zinazokubalika. Oktoba 2025 NVIDIA ikatoa driva ya mwisho ya gemu kwa kizazi chake, yakabaki marekebisho ya usalama tu. Kadi ilizeeka memori yake ikiwa bado tele.

Haya yote ni kweli. Ninachokataa ni yale maneno “namba tu”.

VRAM, yaani hiyo memori ya kadi yenyewe, ndipo kadi inapoweka kila kitu inachokichora kwa wakati ule, na mlaji mkubwa wa nafasi ni teksicha, yaani picha zinazovishwa kuta, nguo, nyuso na barabara za ndani ya gemu. Chipu ya 5060 Ti inachota kutoka VRAM yake kwa kasi ya GB 448 kwa sekunde. VRAM ikijaa, kinachokosa nafasi kinahamishiwa kwenye RAM ya kompyuta, na kila kikihitajika kinaletwa kupitia PCIe, yaani njia inayounganisha kadi na mazabodi. Hapo ndipo penye kidonda. Kadi hii inatumia njia nane za PCIe badala ya kumi na sita. Ukiichomeka kwenye mazabodi mpya ya PCIe 5.0 unapata takriban GB 32 kwa sekunde. Kwenye PCIe 3.0 unapata takriban GB 8.

Mia nne arobaini na nane dhidi ya nane. Nimeirudia hesabu hii mara nyingi, kwa sababu PCIe 3.0 kwetu bado ndiyo hali ya leo. Prosesa za Intel za mezani za kizazi cha sita hadi cha kumi ziko hapo, mazabodi za B450 za AMD ziko hapo, na kompyuta za mtumba ambazo vijana wengi wanaanzia kujenga zimejaa vizazi hivyohivyo. Vipimo tunavyovisoma kabla ya kununua hufanywa kwenye mashine mpya kabisa, yenye prosesa ya bei mbaya na PCIe ya kisasa. Huko VRAM ikijaa adhabu inapunguzwa. Huku, kadi ile ile, gemu lile lile, njia ya kuletea mzigo ni nyembamba mara nne. Anayehitaji GB 16 kuliko wote, kwa maoni yangu, ni yule mwenye mazabodi ya zamani. Na huyo ndiye anayeambiwa kila siku kwamba GB 8 zinamtosha kwa sababu mashine yake ni ya kawaida.

Jicho linaona nini? Nimekaa kwa rafiki yangu Tabata, ana RTX 3070, kadi iliyotoka 2020 kwa dola 499 ikiwa na GB 8. Tukafungua Hogwarts Legacy akiwa amewasha miale ya mwanga. Namba ya fremu pembeni, yaani picha zinazochorwa kwa sekunde, ilikuwa inaridhisha. Lakini tukiingia ukumbini picha inaganda nusu sekunde, inaendelea, inaganda tena mlangoni. Kisha nyuso za watu zikaanza kuwa kama udongo wa mfinyanzi kabla hazijachongwa macho, na maandishi ya ukutani hayasomeki. Baada ya sekunde kadhaa yanarudi. Ukipiga wastani wa fremu hutaliona tatizo hili hata kidogo, kwa sababu gemu limepunguza ubora wa teksicha kimyakimya ili lisikwame. Chipu ya kadi ile bado ina nguvu, imefungwa mikono.

Ndiyo maana siwalaumu waliomcheka aliyenunua RTX 4060 Ti ya GB 16 mwaka 2023, kwa dola 499 wakati ya GB 8 ilikuwa 399. Dola 100 zilikuwa nyingi, na kwenye majedwali ya wastani kadi mbili zililingana karibu kila mahali. Walisoma jedwali walilopewa.

Na hiyo namba 8 ina umri. RX 580 ya GB 8 ilitoka Aprili 2017 kwa dola 229. RTX 5060 ya Mei 2025 imetoka kwa dola 299, na memori ni GB 8. Katikati ya miaka hiyo PS4 yenye GB 8 ilimpisha PS5 yenye GB 16 za matumizi yote, na watengenezaji wa gemu wakahamia huko. Kweli, Xbox Series S ina GB 10 tu, na kwa kuwa gemu nyingi lazima zitoshe humo, kadi za GB 8 hazitakufa kesho. Kinachokuja ni kushusha teksicha ngazi moja kila mwaka. DLSS ya kuzalisha fremu, teknolojia ya NVIDIA ya kubuni fremu za ziada kwa akili mnemba, inayotajwa kama mkombozi, nayo inakula VRAM yake.

RAM utaongeza, SSD utaongeza, hata prosesa utabadilisha. VRAM imeunganishwa kwa lehemu siku ya kwanza kiwandani. Kwa mtu anayebadilisha kadi kila baada ya miaka miwili hilo si kitu. Kwa anayetaka kukaa nayo mitano au sita, ndilo swali lenyewe.

Kuna mahali pamoja ambapo ningemwambia mtu achukue ya GB 8 bila kusita: kama hizo dola 50 zinatoka kwenye pawa saplai. Umeme wetu unashuka na kupanda, na pawa saplai isiyo na jina inaweza kuondoka na kadi, mazabodi na kila kitu. Tulimuuliza muuzaji kuhusu hilo. Akatoa moja nyepesi kama boksi tupu; mpwa wangu akaipima mkononi, akairudisha.

Mwishowe alichukua kadi ya GB 16 na pawa saplai nzuri ya wati 650. Hela ya monita ikaisha. Anachezea ile ya zamani ya inchi 19 aliyoachiwa na dada yake, na teksicha ameziweka juu kabisa.