Mlango wa Chooni

Chanzo cha yote ni Buster Keaton, mchekeshaji wa filamu bubu za zamani. Usiku mmoja nilimwona kwenye simu: kimbunga kinavuma, yeye kasimama mbele ya nyumba, mara ukuta mzima wa mbele unang'oka na kumwangukia. Hata kope hapepesi. Tundu la dirisha la juu linampitia kichwani na mabegani, ukuta puu! vumbi, naye kabaki wima. Filamu ni ya 1928, inaitwa Steamboat Bill, Jr., na ukuta ule si wa maboksi, ulikuwa na uzito wa tani 2 hivi. Angesogea hatua moja, filamu ingeishia kwenye mazishi.

Kulipokucha nilikuwa nimeshaamua. Ningeweza kumwiga Charlie Chaplin, mchekeshaji mwenzake, ambaye mwaka 1925 kwenye filamu alikula kiatu kilichotengenezwa kwa pipi nyeusi, jambo lisilodhuru zaidi ya tumbo. Mimi nikataka ukuta.

Si wa tani 2, sina wazimu. Mirunda minne, maboksi ya friji, juu dirisha, chini mlango, maana nyumba bila mlango ni banda la kuku. Mlango pekee uliokubali kutoka kwenye bawaba bila ugomvi ulikuwa wa choo cha uani. Tukauazima. "Kuazima" ni neno langu. Mama ana neno jingine.

Rafiki yangu fundi seremala akapima kwa futi kamba kutoka kitako cha ukuta hadi dirishani, akahamishia kipimo ardhini, akaweka kizibo cha soda. "Simama hapo," akasema, kamba mkononi. "Usicheze hata kidole."

Kamera akapewa mpwa wangu wa miaka 9. Kosa langu ni kumsimulia kwamba enzi zile mpiga picha alizungusha mpini kwa mkono, na akizungusha polepole, watu kwenye pazia wanakimbia kama waliokanyaga siafu. Basi, mtoto hataki tena kusikia kwamba simu haina mpini. Mkono wa kushoto kaikumbatia simu, wa kulia anazungusha hewa, ulimi nje.

Nikasimama juu ya kizibo, nyumba mgongoni. Nikakaza uso kama Keaton. Fundi akaachia kamba.

Sasa, filamu zile ni bubu. Mama yangu siye.

"Nani kang'oa mlango wa chooni?"

Nimelelewa vizuri, ndiyo shida. Mama akiita, miguu huitika kabla ya akili. "Naam, mama!" nikageuka, nikapiga hatua moja kumwelekea. Moja tu.

Kichwa kilipita dirishani. Kifua hakikupita. Nikajikuta chali, kichwa nje, mwili ndani ya nyumba, mlango wa choo umenilalia mapajani. Mama akafika, kopo la maji mkononi, akainama.

"Kumbe uko hapa," akasema. Alikuwa anauambia mlango.

Jioni, huku nakandwa mbavu kwa maji ya moto na chumvi, tukaitazama filamu yetu. Kidole cha mpwa wangu kimeziba lenzi mwanzo hadi mwisho. Giza tupu. Ila sauti, safi kama ya redio: "Nani kang'oa mlango wa chooni?" "Naam, mama!" Puu! Kimya kirefu. Halafu kasauti kembamba:

"Mjomba, niendelee kuzungusha?"