Gari la umeme la Tom Swift: utabiri au biashara tu?

Kuna kitabu cha vijana cha Marekani cha mwaka 1910, Tom Swift and His Electric Runabout, na siku hizi magari ya umeme yamepamba moto watu wanakifufua, eti oneni, zaidi ya miaka mia iliyopita jamaa walishayaona haya. Kijana Tom anaunda betri yake mwenyewe, anaifunga kwenye gari, anaingia kwenye mashindano na anaibuka kidedea, na katikati hapo gari hilohilo linaisaidia benki ambayo wateja wameivamia wanataka hela zao zote kwa mpigo.

Mi kwenye utabiri nagoma. 1910 gari la umeme Marekani halikuwa ndoto, lilikuwa linapita mtaani. Tena 1899 Mbelgiji Camille Jenatzy alishavuka kilomita 100 kwa saa karibu na Paris, gari lina umbo la risasi, yeye kakaa juu kifua chote kiko nje, na linakwenda kwa betri! Mvumbuzi Thomas Edison naye alikuwa na betri yake ya nikeli na chuma, na ya Tom ukiisoma vizuri ni mtu na mdogo wake. Halafu Victor Appleton unayemuona kwenye jalada hayupo, ni jina la biashara la Edward Stratemeyer, yeye anatoa mpango wa hadithi, Howard Garis anakaa kuandika, vitabu vinatoka kama mikate.

Ila ukiishia hapo unamwonea mwandishi. Magari ya umeme enzi zile yalinadiwa sana kwa akina mama wenye uwezo: kijumba cha vioo, kichombo cha maua ndani, mwendo wa kilomita thelathini na kitu, hamna moshi, hamna kupiga hendeli kwa mkono ili injini iwake. (Hata Clara, mke wa Henry Ford, alikuwa anaendesha Detroit Electric huku mumewe anauza ya petroli, hebu waza mazungumzo ya mezani.) Sasa mtu anachukua gari la namna hiyo anampa kijana wa kiume, anamwambia likimbize maili 100 kwa saa, hapo kuna aliyewaza. Na shida kaiweka penyewe, kwenye betri, chaji itakaa hadi wapi, swali ambalo hata leo ndo la kwanza kuulizwa.

Kilichokuja kuyamaliza magari ya umeme ya enzi hizo hakikuwemo kitabuni. 1912 Cadillac ya petroli ikaja na selfu ya umeme ya kuwashia injini, hendeli kwaheri, na Ford Model T, nayo ya petroli, inazidi kushuka bei. Yani umeme wenyewe ndo ulilibeba gari la petroli.

Kama lazima umpe Tom sifa, mpe ya kitabu kingine, cha 1911, Tom Swift and His Electric Rifle, anapokwenda kuwinda Afrika na bunduki ya umeme. Mvumbuzi Jack Cover alikipenda utotoni, na jina la kifaa chake cha kupiga watu shoti, Taser, limetokana na herufi za mwanzo za Tom Swift Electric Rifle, A akaichomeka mwenyewe.