Korongo wa Mwaloni na laikeni ya jiweni, nani mgumu?

Juzi tulikuwa Mwaloni pale Kirumba tunasubiri dagaa, mshkaji wangu akasema kiumbe kigumu kuliko vyote Mwanza ni korongo, mi nikamwonyesha yale mabaka ya kijivu kwenye jiwe tulilokalia nikamwambia wapi, ni hawa hapa, laikeni, ubishi ukaanzia hapo.

Korongo apewe haki yake kwanza. Yule mwenye kipara na mfuko shingoni, wataalamu wanamuita Leptoptilos crumeniferus, anafika mita moja na nusu, anakula utumbo wa samaki, mizoga, chochote, na kichwa hakina manyoya kwa hiyo akikizamisha kwenye mzoga damu haigandi. Ile miguu myeupe sasa, siyo rangi yake, ni kinyesi chake mwenyewe, jua likiwaka anajimwagia miguuni apoe (nilivyosikia mara ya kwanza niliacha kula). Ila ugumu wake naona tunamlipia sisi, jalala likihamishwa na yeye anahama, mabawa anayo.

Laikeni inahamia wapi? Siyo mmea ujue, ni kuvu na mwani wamepanga chumba kimoja, kuvu anashika jiwe na kutunza maji, mwani anapika kwa jua, na hizi zilizogandana na jiwe nyingi hazikui hata milimita moja kwa mwaka, yani baka la ukubwa wa sahani linaweza kuwa lilimwona babu yako akiwa mtoto. Kiangazi inakauka inalala, mvua ikigusa inaamka. Kuna moja ya rangi ya chungwa, Xanthoria elegans, mwaka 2005 ilipandishwa na chombo cha Foton-M2 ikakaa nje huko anga za juu kama wiki mbili, hakuna hewa hakuna nini, ikarudi nzima.

Mshkaji akauliza, na wapasua kokoto wakiwasha moto juu ya jiwe lipasuke, itarudi nzima? Hapo alinibana. Na moshi nao, laikeni nyingi haziwezi kabisa salfa, ndo maana Ulaya wanaziangalia kujua hewa ya mji ikoje, wakati korongo anasimama katikati ya moshi wa jalala anachagua mboga. Kwa maisha ya mjini basi nampa korongo, kwa shingo upande.

Tunanyanyuka tu, korongo mmoja akatua pale pale tulipokaa akaachia mzigo. Nikamwambia mshkaji ile ya chungwa inapenda sana mawe ya hivyo, kinyesi cha ndege ndo mbolea yake. Akacheka, eti kumbe hata msosi inaletewa na korongo.