Bahasha ya kaki kwenye mlango wa soba hausi

Ndugu yetu mmoja alifukuzwa soba hausi, nyumba ya kuachia dawa za kulevya, kwa sababu ya bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na vidonge vya haloperidol alivyoandikiwa hospitali, kwa ajili ya sauti alizozisikia tangu kabla hajaonja unga, yaani heroini. Msimamizi, naye teja mstaafu, alisema kwa upole kabisa: hapa dawa haziingii. Unaacha vyote au unaondoka.

Ni rahisi kumlaani. Ila aliyeishi na mateja anajua hofu hiyo inatoka wapi. Haloperidol inaweza kukakamaza misuli, shingo ikapinda, taya likakaza. Ili kuilegeza, daktari huongeza Artane. Na Artane hiyohiyo wapo wanaoitafuta mitaani kwa ajili ya stimu. Valium, dawa ya kutuliza, ndiyo usiseme: ukiichanganya na heroini, pumzi inaweza kukata usingizini. Nyumba yenye vijana tele na kabati lisilo na nesi ina haki ya kuogopa.

Madaktari nao wana sababu ya kusubiri kabla ya kutibu akili. Bangi inaweza kumfanya mtu asikie sauti au ahisi anafuatwa, na arosto, yale maumivu ya kukosa unga, humnyima usingizi. Wiki chache bila kitu huonyesha kipi kimeondoka na moshi, kipi kimebaki. Sawa. Lakini huyu alikuwa ameshachunguzwa. Alipokosa vidonge sauti zilirudi, akawa halali, na unga ulimpa ukimya wa saa chache. Aliufuata. Nani angemlaumu?

Mimi naegemea upande wa kutibu vyote pamoja, uraibu na ugonjwa wa akili, na pa kuanzia tunapo. Tangu kliniki ya methadoni (dawa ya kunywa inayotolewa badala ya heroini) ya Muhimbili ilipofunguliwa mwaka 2011, anayeanza tiba huenda dirishani kila siku, akanywa kikombe chake mbele ya mhudumu. Kidonge cha akili kingemezwa papo hapo, chini ya jicho lilelile, bila bahasha kuzagaa. Kuna sharti moja: daktari ajue dawa zote, maana methadoni na haloperidol kila moja inaweza kuvuruga mapigo ya moyo.

Ndugu yetu sasa ana kadi mbili, za majengo mawili, la methadoni na la magonjwa ya akili, mkoani kwetu. Kwenye jengo la methadoni wakimuuliza kama anatumia dawa nyingine, hujibu hapana. Bado anaikumbuka ile bahasha.